Kutafuta majalada ya serikali ya kikoloni ya Lindi na Mtwara: mwongozo kwa anayeanza

Maswali yanayokuja ni yaleyale. Babu yangu alikuwa jumbe Mahuta, jalada lake liko wapi? Mpaka wa kijiji chetu na shamba la mkonge uliwekwa lini? Boma la Lindi liliacha karatasi zozote za Mjerumani? Wengi wanaouliza wameshakula nauli ya Dar es Salaam na kurudi mikono mitupu, na sababu karibu kila mara ni moja: walikwenda na jina la mtu. Serikali ya kikoloni haikufungua jalada kwa jina la mtu wala la ukoo, labda awe mtumishi wake au mtu aliyeisumbua. Ilifungua kwa ofisi na kwa shughuli: kodi, pamba, njaa, barabara, mishahara ya majumbe, ugomvi wa mipaka. Kwa hiyo usianze kumtafuta babu. Anza kuitafuta ofisi iliyomtoza kodi.

Nyaraka zenyewe ziko wapi

Usizitafute kwanza Lindi wala Mtwara. Boma la Mikindani, lililojengwa 1895, siku hizi ni hoteli. Utapata chai, hutapata jalada. Karatasi za ofisi za wilaya na jimbo zilizosalimika ziko Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Hapo kuna makundi matatu yanayokuhusu: nyaraka za Kijerumani, majalada ya Sekretarieti ya Waingereza, yaani ofisi kuu ya serikali yao Dar es Salaam, na majalada ya ofisi za majimbo na wilaya.

Upande wa pili wa mawasiliano uko Ulaya. Barua ambazo gavana wa Kijerumani alipeleka Berlin ziko Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka za taifa ya Ujerumani, kundi R 1001. Zile ambazo gavana wa Kiingereza alipeleka London ziko Kew, kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa ya Uingereza, kundi CO 691. Jambo dogo la kijijini halikufika huko. Vita, mauaji, mashamba ya wazungu na fedha nyingi vilifika.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha NIDA au pasipoti, na nakala zake mbili.
- Barua ya utambulisho. Mwanafunzi aitoe chuoni, mtumishi kwa mwajiri, raia wa kawaida kwa afisa mtendaji wa kijiji au mtaa. Iandike mada na miaka unayotafuta. "Utafiti wa historia" peke yake haitoshi.
- Mgeni asiye raia anahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na hicho hakitoki kwa siku mbili.
- Penseli mbili na kichongeo. Kalamu ya wino kwa kawaida haina nafasi kwenye chumba cha kusomea nyaraka.
- Daftari, na simu au kamera yenye nafasi ya kutosha. Kupiga picha kunahitaji ruhusa na kunaweza kuwa na ada. Uliza siku ya kwanza, kabla hujafungua jalada lolote.
- Barakoa. Vumbi la karatasi za miaka 90 si mchezo kwa mwenye pumu.
- Siku tano za kazi, kwa uchache. Aliyepanda basi kutoka Mtwara kwa ajili ya siku moja atamaliza siku hiyo kwenye fomu.

Hatua

1. Andika swali lako kwa sentensi moja

Liwe na mahali, jambo na miaka. "Historia ya ukoo wetu" si swali la nyaraka. "Nani alikuwa jumbe wa Kitangari kati ya 1919 na 1930, na alilipwa kiasi gani?" ni swali, kwa sababu linakuonyesha majalada ya utawala wa wenyeji na ya mishahara. Kama una maswali manne, andika sentensi nne na uzipange kwa umuhimu. Muda utakuishia kabla ya maswali.

2. Tafuta ofisi iliyotawala mahali hapo mwaka huo

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayowakosesha.

Wakati wa Wajerumani, sehemu kubwa ya ukanda wetu iliongozwa na Bezirksamt Lindi, yaani ofisi ya wilaya ya Lindi, na kwa miaka mingi Mikindani ilikuwa kituo chini yake. Kwa hiyo jambo la Masasi la mwaka 1905 litafute Lindi. Liwale ilikuwa chini ya ofisi ya wilaya ya Kilwa.

Waingereza waliichukua Lindi mwaka 1916, katikati ya vita. Kati ya hapo na 1919 utawala ulikuwa wa kijeshi na karatasi zake ni chache. Mwaka 1926 nchi iligawanywa majimbo, nasi tukawa Jimbo la Lindi. Miaka ya 1930 likawa Jimbo la Kusini, makao yakiwa Lindi bado. Miaka ya 1950, baada ya mradi mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga kuleta bandari Mtwara, makao yakahamia huko. Baada ya uhuru Jimbo la Kusini lilivunjwa, ukatokea Mkoa wa Mtwara, na mwaka 1971 Lindi ikatengwa kuwa mkoa wake. Ndiyo maana karatasi ya Lindi ya mwaka 1965 inaweza kukaa chini ya Mtwara, na karatasi ya Mtwara ya mwaka 1935 ikakaa chini ya Lindi au Mikindani.

Wilaya za leo nazo zinapotosha. Tandahimba itafute Newala. Nanyumbu itafute Masasi. Ruangwa itafute Lindi, kisha Nachingwea. Nachingwea yenyewe haikuwa wilaya kabla ya mradi wa karanga ulioanza 1947.

Angalia pia kama kijiji kilihama. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu barabarani, na jina la leo linaweza kuwa kilomita kadhaa kutoka mahali lilipoandikwa mwaka 1930. Kwa Liwale rudi nyuma zaidi, maana miaka ya 1940 serikali iliwahamisha watu wengi kutoka eneo ambalo sasa ni pori la hifadhi. Waulize wazee majina ya mahame kabla hujaondoka nyumbani. Hakuna orodha ya nyaraka itakayokupa hayo.

3. Tengeneza orodha ya tahajia

Mjerumani aliandika alivyosikia, kwa herufi za kwao. *Ch* yetu aliiandika *tsch*, *sh* akaiandika *sch*, *y* akaiandika *j*. Basi Chiwata huwa Tschiwata, Machemba huwa Matschemba, Nyangao huwa Njangao, Wayao huwa Jao, na Masasi mara nyingi ni Massassi. Wamwera ni Muera, na uwanda wa juu wa Rondo utaukuta kwa jina hilohilo la Muera. Ruvuma ni Rovuma au Rowuma. Waingereza walikaribia tahajia ya sasa, ila *l* na *r* zilibadilishana kiholela: Kitangari na Kitangali ni mahali pamoja.

Andika kila jina kwa namna tatu au nne na uende na karatasi hiyo. Majina ya watu ni magumu zaidi, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa jina la utotoni, jina la Kiislamu au la ubatizo, na jina la cheo. Mwenye na mkulungwa ni vyeo. Nakaam na Matola yalikuwa majina ya urithi, kwa hiyo Matola wa 1880 si lazima awe Matola wa 1920. Weka mwaka mbele ya kila jina unaloliandika.

4. Tafuta mtandaoni ukiwa bado nyumbani

Katalogi ya Bundesarchiv inaitwa invenio, nayo ni bure. Majalada ya R 1001 yamepigwa picha, na unaweza kuyasoma kwenye kompyuta yoyote yenye intaneti. Tafuta kwa Kijerumani: "Lindi", "Mikindani", "Aufstand" kwa uasi, "Hüttensteuer" kwa kodi ya kibanda, "Baumwolle" kwa pamba, "Sklaverei" kwa utumwa. Kwa habari za Majimaji ya 1905 hadi 1907 anzia hapa, si Dar es Salaam.

Katalogi ya Kew inaitwa Discovery. Yenyewe ni bure, lakini majalada mengi ya CO 691 hayajawekwa mtandaoni. Utaona kichwa na mwaka tu. Hata hivyo vichwa hivyo vinakuonyesha Waingereza waliliita jambo lako jina gani, na jina hilo ndilo utakalolitumia Upanga. Tazama pia FCO 141, kundi la majalada yaliyoondolewa makoloni wakati wa uhuru yakafichwa kwa miaka mingi. Tanganyika imo.

Anayetafuta habari za wapagazi na wachimbaji wa mifupa ya mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) ya Tendaguru, 1909 hadi 1913, asihangaike na majalada ya serikali. Kazi ile ilikuwa ya makumbusho, na karatasi zake ziko Museum für Naturkunde, Berlin.

5. Jiandikishe na uanze na kitabu cha wilaya

Ukifika Upanga utajaza fomu na kuonyesha barua. Usikimbilie kuomba majalada. Omba kwanza kitabu cha wilaya, kile ambacho mabwana shauri wa Kiingereza, yaani wakuu wa wilaya, walikijaza mmoja baada ya mwingine. Kinasomwa kwa filamu ndogo (microfilm), na nakala zake zipo pia London na Oxford. Ndani kuna orodha za majumbe na maliwali, mipaka, hesabu za watu, mvua, bei za mazao, na historia ya makabila kama ilivyosimuliwa na wazee wa wakati ule.

Kisome kwa tahadhari. Bwana shauri alikaa mwaka mmoja au miwili akahamishwa, na aliyemfuata alinakili kurasa za mwenzake bila kuuliza upya. Habari iliyoandikwa mara tatu kwenye kitabu cha wilaya huenda ikawa na shahidi mmoja tu. Angalia sahihi na tarehe chini ya kila maelezo. Isiyo na sahihi ipe uzito mdogo.

6. Soma orodha, kisha jaza fomu za majalada

Nyaraka za Kijerumani zina herufi G na namba ya kundi. Orodha yake ilichapishwa Ujerumani mwaka 1973, nayo iko kwa Kijerumani. Kwa mfano, G 9 ni dini na shule, na humo ndimo lilimo suala la ile "barua ya Makka", barua ya dini iliyosambazwa mkono kwa mkono ikaitia hofu serikali hapa Lindi mwaka 1908. Majalada ya Sekretarieti yana namba ndefu tupu. Ya wilaya na jimbo yana namba ya mapokezi, utakayoiona baada ya alama Acc., ikifuatwa na namba ya jalada.

Nakili namba yote, kila mkwaju (/) na kila nukta. Kosa la tarakimu moja litakuletea jalada la mifugo ya Mbulu. Omba machache kwa mara moja, na fomu zipeleke asubuhi, kwa sababu kutoa majalada ghalani huchukua muda na mchana wote wanataka kwa pamoja.

7. Soma jalada kwa mpangilio wake

Jalada la Kiingereza lina sehemu mbili. Moja ni barua zenyewe, kila moja ikiwa na namba ya folio, yaani ya karatasi, kwenye kona, kwa kawaida nyekundu. Nyingine ni madokezo, ambamo maofisa waliandikiana wao kwa wao. Anayeanza husoma barua akaacha madokezo, na hapo hupoteza nusu ya habari. Barua inasema serikali iliamua nini. Dokezo linasema kwa nini, nani alipinga, na nani alidanganya.

Angalia pembezoni. Mstari wa "tazama jalada fulani" ulioandikwa kwa penseli mwaka 1934 una faida kuliko orodha yoyote. Unukuu namba, ukaliombe.

Hesabu za fedha nazo zina mtego. Rupia ya Kijerumani ilikuwa na pesa 64 hadi 1904, kisha ikawa na heller 100, na rupia 15 zilikuwa sawa na mark 20. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921. Usilinganishe kodi ya rupia 3 ya 1898 na kodi ya shilingi ya 1930 bila kutaja hayo.

Barua nyingi za maliwali, maakida na majumbe wakati wa Mjerumani ziko kwa Kiswahili, baadhi kwa herufi za Kiarabu. Ukizikuta umepata dhahabu: ni sauti ya mtu wa hapa, haijapita kwa mkalimani. Piga picha safi, umpelekee mwalimu wa madrasa mzee anayesoma maandishi ya zamani.

8. Piga picha kwa utaratibu

Kwanza jalada lenyewe kwa nje, namba ionekane. Kisha kila folio kwa kufuatana, hata isiyokuvutia. Zima flashi. Jioni ileile zipe picha majina: namba ya jalada, alama ya mstari wa chini (_), namba ya folio. Picha 600 zisizo na majina ni hasara tupu, kwa kuwa karatasi isiyo na namba ya jalada haiwezi kutajwa popote, si kwenye kitabu wala barazani.

9. Kama ni kesi, omba nakala iliyothibitishwa

Picha ya simu haitakusaidia baraza la ardhi wala mahakamani. Omba Idara ikupe nakala yenye muhuri na sahihi. Jua pia mpaka wa nguvu yake: kitabu cha wilaya kinachosema ukoo fulani "waliishi" mahali fulani si hati ya kumiliki. Kwa mashamba ya mkonge, kama yale ya Kikwetu, utahitaji hati na ramani za upimaji, na hizo zifuatilie kwa msajili wa hati. Majalada ya utawala yatakupa tu mazungumzo yaliyozizunguka.

Makosa ya mara kwa mara

Kutafuta cheti cha kuzaliwa. Wakoloni hawakulazimisha Waafrika kuandikisha vizazi, kwa hiyo babu aliyezaliwa Newala mwaka 1928 hana cheti cha serikali cha mwaka ule. Kama alibatizwa, daftari la misheni litakuwa naye: Waanglikana wapo Masasi tangu 1876, Wabenediktini wapo Ndanda tangu 1906. Ila Masasi, Nyangao na Lukuledi zilishambuliwa mwaka 1905, na daftari la kabla ya hapo huenda liliungua.

Kutafuta majina kwenye sensa. Sensa za 1931, 1948 na 1957 zilibaki na jumla tu.

Kutangaza usichokipima. Nyaraka za Kijerumani zina orodha za hati za uhuru zilizotolewa kwa watumwa, Lindi na Mikindani zikiwemo, zikiwa na jina, umri, asili na aliyekuwa bwana wake. Wajukuu wa pande zote mbili wanaishi mtaa mmoja leo. Ukilikuta jina la ukoo wa mtu, mpelekee mwenyewe kwanza, mkae mzungumze. Usilitupe kwenye kundi la WhatsApp la wanakijiji.

Mambo yakikwama

*Jalada "halipo".* Huenda liko mezani kwa msomaji mwingine, limerudishwa kasha siyo, au limeharibika. Omba tena siku ya tatu. Likikosekana, tafuta nakala ya barua zake upande wa pili: kila barua ya wilaya ilikwenda kwa jimbo, na nzito zilifika Sekretarieti. Barua moja ilikuwa na makao mawili hadi matatu.

*Hakuna kitu cha kabla ya 1916.* Kwa Lindi ndivyo ilivyo mara nyingi. Wajerumani waliporudi nyuma vitani walihamisha karatasi za makao makuu, na sehemu yake ilifukiwa Tabora. Za ofisi za wilaya nyingi zilipotea. Nenda R 1001, kisha R 1003, ambako kuna filamu za nyaraka za Kijerumani zilizoko Dar es Salaam.

*Mwandiko wa Kijerumani hausomeki hata kwa anayejua Kijerumani.* Huo ni Kurrent, mwandiko wa zamani. Programu ya Transkribus inausoma kwa kiasi. Ipe ukurasa mmoja kwanza, ulinganishe majina ya mahali unayoyajua. Ikiyakosea hayo, usiamini mengine.

*Jalada limefungwa.* Nyaraka zaidi ya miaka 30 kwa kawaida ni wazi, lakini majalada binafsi ya watumishi yanaweza kuzuiwa. Andika barua ya maombi, eleza undugu wako na mhusika, ambatanisha uthibitisho.

*Karatasi zimegandana au zinakatika.* Usizibandue. Funga jalada, umwite mhifadhi. Likitolewa kwa matengenezo litakucheleweshea kazi, ila ukilivunja wewe, ruhusa yako ya kusoma itakuwa imeishia hapo.

*Umesoma siku tatu na jina halijatokea.* Rudi hatua ya 2 na uangalie mwaka. Wilaya zilipokuwa zikiunganishwa na kutenganishwa, majalada yalihama nazo. Jaribu wilaya jirani, miaka mitano mbele na mitano nyuma.